Vita vya Maduhu Kumtafutia Jina Binti Anayegeuka Fisi

Jongeeni, enyi wachimbaji mliopanda toka mashimoni na vumbi lenu, nanyi wapalilia mpunga na wachunga ng'ombe, mpate kusikia vita vilivyoitikisa Masumbwe yote, ingawa Masumbwe yenyewe haikupata habari.

Alikuwako shujaa Maduhu, Simba wa Cherehani, Mpiga Pindo Asiyetetereka, aliyeandika hadithi kwenye simu na kuzirusha katika kundi la WhatsApp. Hadithi yake mpya ilimhusu Violeth, binti anayegeuka fisi. Kiumbe wa namna hiyo aitweje? Hapo shujaa alikwama, na wateja wakasubiri suruali zao zisizo na zipu.

Akampeleka vitani askari wa kwanza, neno "kigeugeu". Akaanguka papo hapo, maana ndivyo mchumba wake Rhoda alivyomwita Maduhu mwenyewe siku alipomwacha. Akampeleka "mgeukaumbo", akanuka mtihani wa darasani. "Mtufisi" naye aliuawa na Boaz, muuza chipsi wa jirani, aliyesema huyo anamfahamu, humaliza nyama kwenye harusi. Ndipo likajileta lenyewe neno moja: mchawi. Maduhu alilishangilia, kwani huku fisi akilia karibu na nyumba watu huuliza kwanza ni wa mchawi gani.

Kabla hajarusha, akaingia Mayu Ndaki, bibi wa nyumba ya pili.

"Shikamoo, mayu! Umefika saa ya ushindi! Keti, masikio yako yashuhudie kazi ya mikono hii!"

"Marahaba. Gauni langu liko tayari?"

Shujaa alisoma kwa sauti ya mkutano wa hadhara: jinsi Violeth alivyokuja kuwa bibi kizee baada ya miaka mingi, macho mekundu, fisi mlangoni, mchawi. Mayu Ndaki akayafuta macho yake, mekundu kwa moshi wa kuni.

"Hao wa kwenye simu wanajua ni hadithi?"

"Wanajua, mayu."

"Wote?"

Maduhu aliishusha simu. Walikuwapo vikongwe waliokatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu tu, naye alilijua hilo tangu utoto. Aliona haya kweli kweli.

"Basi nimwite nani?" akanena, jemadari asiye na jeshi.

"Kwani hana jina?"

"Violeth."

"Si umwite Violeth."

"Na akishakuwa fisi?"

"Ni Violeth huyo huyo, ng'wanawane, mwanangu. Nipe gauni langu."

Ndipo kidole gumba cha Maduhu, kilichozoea kuchomwa sindano, kikashuka na kulifuta lile neno, na macho mekundu yakafuata. Andikeni, enyi watunza tarehe: mchana ule majeshi yote ya istilahi yalipigwa na bibi aliyefuata gauni, na Maduhu akajitwalia ushindi mzima. Hadithi iliporushwa, Boaz aliandika kundini kwamba imepoa.

Mayu Ndaki alishika njia ya kwake, gauni kwapani, akiamkiwa shikamoo kila mlango, na hakuna aliyeyatazama macho yake mekundu kwa shaka.