Tovuti Iliyomwamkia Mwenyekiti

Ndugu Mhariri,

Kwanza nakusihi usimwambie mtu hata neno moja la barua hii. Ukiona ni lazima uichapishe gazetini, basi ichapishe kwa siri.

Mimi ni karani wa ushirika wa wachuuzi wa samaki hapa Bagamoyo. Kwa miaka miwili tovuti yetu ya kuombea vizimba vya soko ilikuwa ya Kiingereza, na tulikaa kwa amani kubwa kwa sababu hakuna aliyeielewa. Kisha akaja fundi Shamsia kuiongezea Kiswahili. Alinieleza kuwa kurasa zake zimeundwa kwa vipande, na kila kipande huchota maneno yake kwenye orodha moja. Kazi yangu ilikuwa kuijaza orodha hiyo. Penye neno la kumkaribisha mgeni, kwa malezi niliyopewa, nikaandika "Shikamoo". Hapo ndipo balaa lilipoanza.

1. Kipande hicho cha salamu kimo katika kila ukurasa. Bi Sihaba, mkaanga samaki, aliitikia kila mara kwa adabu, na alipofika ukurasa wa nane akaigombeza simu: "Marahaba, mwanangu, marahaba! Sema basi shida yako!"

2. Mwenyekiti wetu, Mzee Mwinyimvua, alifurahi sana kuamkiwa, mpaka alipoona tovuti inamwamkia mjukuu wake wa darasa la nne kwa heshima ileile. Ameapa kwamba aliyeandika neno hilo, ikifika Ijumaa hana kazi. Bado hajajua ni nani.

3. Hili ndilo baya kuliko yote: watu wanasoma. Wamesoma hata masharti, kwamba kizimba hupewa aliyetangulia kuomba. Sasa wanauliza, tena kwa sauti, mashemeji watatu wa Mwenyekiti walitangulia lini.

Shamsia anasema neno moja likirekebishwa kwenye orodha, kurasa zote zitarekebika. Mwenyekiti, kwa hekima yake, anaona ni rahisi zaidi kufuta Kiswahili chote. Namuunga mkono kwa moyo wote. Kiingereza hakijawahi kumvunjia mtu heshima hapa, wala kumpa kizimba.

Naomba gazeti lako lipiganie kirudishwe. Nisalimie wote hapo chumba cha habari, ila usiwaambie salamu zimetoka kwa nani.

Wako mwenye hofu,
Karani asiyejulikana

N.B. Leo Mwenyekiti ameniagiza nimwandikie Shamsia afute. Nimemwandikia abadilishe "Shikamoo" iwe "Karibu", na masharti ayapandishe ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa. Nimetia sahihi kwa jina langu kamili. Kwa hiyo ukinihitaji usipige simu ya ofisi. Njoo Mbegani, uliza kwa Bi Tabia, mama yangu, useme unamtaka Mrisho. Kuanzia Jumamosi nipo kutwa nzima.