Magari Mawili Yasiyokohoa

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mkongwe, gari letu, amenitia aibu. Amezimika kwenye kilima cha shule mke wangu akiwa ndani, akiwahi kuzalisha. Mke wangu ni mkunga. Mkunga hawezi kusimama kando ya barabara akisubiri gari lipoe. Akadandia pikipiki ya kupelekea mitungi ya gesi, akafika amekumbatia mtungi, akakuta mtoto ameshazaliwa mikononi mwa bibi yake, kitovu kimefungwa kwa kamba ya kiatu. Mtoto mzima. Mzazi mzima. Mke wangu ndiye asiyekuwa mzima.

Aliingia nyumbani saa nane, akaniita "mume wangu". Akiniita hivyo najua nimekwisha. Akasema tunanunua gari la umeme, la juu, linaloweza kupita kwenye madimbwi. Yako mawili mtaa wa maduka ya magari, yanatazamana barabarani: moja jeupe, jingine jekundu. Maduka yote mawili yanapokea gari kuukuu, kwa hiyo Mkongwe tutamwacha hukohuko. Niyalinganishe, nichague kabla ya Jumamosi saa sita mchana. Nikishindwa, atachagua kaka yake.

Kaka yake! Shemeji Mtaalamu, mtu aliyejifunza kila kitu kwenye simu, pamoja na upasuaji.

Mimi ni karani wa masjala, miaka kumi na tisa sasa. Nimefungua majalada mawili, JEUPE na JEKUNDU. Nimeyapiga mhuri. Ndani bado hamna kitu.

Ila kuna jambo sijamwambia mtu. Mkongwe alikuwa gari la baba. Akipinda kona ya mchomelea vyuma, nyumba nzima ilijua: vikohozi viwili, mngurumo, halafu ule mtikisiko kama wa vijiko kwenye droo. Dada alificha majarida yake. Mimi nilikimbia kunawa miguu. Mama alibandika maji ya chai. Ile dakika moja ndiyo iliyokuwa bora kuliko zote za siku, na wala baba mwenyewe hakuwemo.

Sasa baba hayupo, miaka kumi na moja. Mama anaishi peke yake nyumba ileile. Kila Ijumaa napinda kona ile na Mkongwe, najua ananisikia. Nikienda na gari lisilo na sauti atasikia nini? Ni kama kumfanya afiwe mara ya pili. Siwezi.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimepata akili! Gari la umeme halina mlio, lakini lina spika. Nitarekodi mlio wa Mkongwe kwenye simu, niupige kwenye magari yote mawili. Lenye spika zinazomtoa Mkongwe kama alivyo ndilo tutakalonunua. Mengine ni porojo.

Mkongwe kagoma kuwaka. Fundi wangu amekuja, amepiga nyundo mahali fulani, kawaka. Nimelala chini ya bomba la moshi na simu dakika tatu nzima. Nimetoka mweusi hadi menoni. Mke wangu kauliza ninafanya nini kule chini. Nikasema namuaga. Macho yakamlegea, akanipikia chai. Roho ikanisuta mpaka kikombe cha pili.

Rekodi safi kabisa, isipokuwa dakika ya pili, fundi anauliza nani amechukua spana yake ya kumi na tatu. Haidhuru.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimeomba ruhusa kazini, nikasema naenda kwa daktari wa macho. Nimekwenda kwenye Jeupe.

Muuzaji ni binti mpole, kavaa koti la suti, anaongea kama anasoma habari. Akanieleza linakwenda umbali gani kwa chaji moja, linachaji kwa saa ngapi, mizigo gani inaingia kwenye buti. Nikaandika "buti". Nikauliza spika ni ngapi. Akasema kumi. Nikaandika "KUMI" kwa herufi kubwa.

Tukatoka barabarani, mimi kwenye usukani. Kiti kinakukumbatia, gari linateleza kama sabuni. Nikaunganisha simu na spika, nikabonyeza. Lo! Mkongwe huyo! Vikohozi viwili, mngurumo, vijiko. Nikajikuta nakaa wima kama baba, kiwiko dirishani.

Binti akapiga kelele nisimame. Akawasha taa za hatari, akapiga simu karakana. Mafundi watatu wakaja mbio. Wakalala chini ya gari wakitafuta kinachonguruma. Mimi nikatafuta kitufe cha kuzimia, sikukiona. Yale magari hayana vitufe, yana kioo tu kama dirisha la benki. Mara sauti ikatoka spika zote kumi: "Nani amechukua spana yangu ya kumi na tatu?"

Mafundi wote watatu wakapapasa mifuko yao. Mmoja akarudisha spana mahali pake bila kusema neno.

Sikukiri chochote. Nimeandika: Jeupe, alama saba. Besi nzito mno. Mkongwe anakohoa kama mtu mwenye afya.

Jioni Shemeji kaleta karatasi yenye mistari ya rangi: betri, matairi, breki, usalama wa watoto. Jeupe kapewa ushindi. Nikamuuliza kuhusu spika. Kacheka hadi kapaliwa. Sikumgonga mgongoni.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Daktari wa macho tena.

Muuzaji wa Jekundu ni mtu wa makamo, tai imepinda, viatu vimeng'arishwa. Akaanza kunieleza juu ya mota. Mimi nikabonyeza kabla hajamaliza. Huyu hakupiga kelele. Akafumba macho. Baadaye akaniomba nirudie toka mwanzo.

Akanisimulia kwamba baba yake alikuwa na gari la namna hiyohiyo, la kupeleka magunia. Wakati wa likizo alikaa katikati, gia ikimgonga goti. Hata leo akisikia dizeli baridi asubuhi, goti linamuuma. Tukazunguka soko mara tatu, Mkongwe akinguruma ndani ya Jekundu na watu wakigeuka kutafuta lori. Rekodi ilipofika sehemu ya spana akacheka taratibu, akafuta macho kwa ncha ya tai. Nami nilikuwa nalia, nasema ukweli. Hakunieleza lolote kuhusu betri. Chaji ilibaki kidogo sana, tukarudi na feni imezimwa.

Jekundu: alama tisa na nusu.

Kumbe Shemeji alikuwa ng'ambo ya barabara, dukani kwa Jeupe, akinitazama kupitia kioo. Akanipiga picha nikiwa nimemshika muuzaji begani, wote tunalia. Akamtumia dada yake. Mke wangu ameniuliza kwa utaratibu sana ni nini kinachoendelea. Nimesema nalinganisha. Ameniita "mume wangu" mara mbili.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Leo ndiyo siku ya mtihani wenyewe. Muuzaji wa Jekundu amenipa gari saa moja nzima, kwa urafiki tu. Nimekwenda kwa mama.

Kwenye kona ya mchomelea vyuma nikashusha vioo vyote vinne. Nikapandisha sauti mpaka mwisho. Nikapinda. Jamani! Nilikuwa na miaka tisa. Ningemwona dada anakimbia na majarida nisingeshangaa. Nikaegesha mlangoni, Mkongwe ananguruma, nikangoja pazia lifunuliwe.

Pazia halikufunuliwa. Akatoka jirani na taulo, ana povu kichwani, akauliza kama nimerukwa na akili. Akatoka wa pili. Spana ikaulizwa mtaa mzima. Mama hakuonekana. Nikazima.

Hapo ndipo mlango ukafunguliwa.

Akanikaribisha ndani, akabandika chai. Nikamweleza mpango wangu wote, majalada, alama, spika. Nikamwambia nafanya haya yote kwa ajili yake, ili asikose ule mlio. Mama alinisikiliza akiwa ameshika mfuniko wa birika. Halafu akasema:

"Mwanangu, mlio ule mliupenda nyinyi. Mimi ulinikosesha raha miaka yote ile. Gari lilikuwa bovu tangu siku ya kwanza, breki mara zipo mara hazipo. Nikilisikia kule kona, nilikuwa nasema bado hajafika, bado hajafika. Nilibandika chai ili mikono yangu ipate shughuli."

Nikauliza sasa yeye alikuwa akipenda nini.

"Akizima," akasema. "Akishazima, panakuwa kimya kidogo, kabla hajafungua mlango. Hicho kimya ndicho kilichokuwa changu. Nilijua sasa yupo. Na wewe kila Ijumaa nakungoja uzime."

Nililia palepale mezani, chai ikapoa. Mama akanipangusa uso kwa kitambaa cha vyombo. Amesema ninafanana na baba nikilia, jambo ambalo sikulijua, maana sikuwahi kumwona baba akilia.

Nimeandika kwenye majalada yote mawili: Mama, kimya. Alama zote za awali nimezifuta.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nimeamka mtu mpya. Mke wangu ananingoja nichague kabla ya saa sita. Jambo ni jepesi kumbe: gari lenye kimya bora ndilo letu!

Ila kimya hakipimwi kwa haraka. Saa tatu nilikuwa kwenye Jeupe. Nikamwomba binti alizime, afunge milango, akae asiseme neno. Tukakaa dakika ishirini. Aliniuliza mara moja kama nataka amwite mtu wa nyumbani. Kimya cha Jeupe: kizuri, ila kina harufu ya plastiki.

Nikavuka barabara. Muuzaji wa Jekundu akaelewa bila maelezo, akaingia, akafunga mlango. Tatizo lake tumbo linanguruma. Nikamnunulia andazi, tukaanza upya. Likapita lori. Tukaanza upya. Nikafumba macho.

Nilipofumbua ilikuwa saa saba kasoro. Ng'ambo ya barabara, nyuma ya kioo cha duka la Jeupe, mke wangu alikuwa akitia saini, Shemeji amesimama nyuma yake kama shahidi wa ndoa. Na mbele ya duka, kijana wa karakana alikuwa akimwingiza Mkongwe uani.

Kawaka mara moja, mwovu yule. Vikohozi viwili. Mngurumo. Vijiko. Nilikimbia kuvuka, sijui nilitaka kufanya nini. Nikafika getini, yule kijana akazima.

Pakawa kimya.

Nilingoja mlango ufunguliwe. Sijawahi kungoja kitu namna ile. Ulipofunguliwa akashuka kijana wa watu na ufunguo mkononi, akaniuliza kama kuna shida. Nikasema hakuna. Mke wangu akatoka, akaja akasimama pembeni yangu, akanishika mkono. Hakuniita mume wangu. Hakuniita chochote. Shemeji alitaka kueleza jambo kuhusu betri, dada yake akamwambia aache.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Mke wangu ameitwa asubuhi kuzalisha. Amepanda kilima cha shule kwa Jeupe bila kusimama. Amefika mapema, hata maji hayajachemka. Mtoto wa kike. Amenipigia simu anacheka, sijamsikia akicheka hivyo tangu mwaka jana. Mchana tumekwenda kwa mama. Nimeegesha, nimezima, tumekaa kidogo kabla ya kufungua milango. Pazia lilifunuliwa. Mama alikuwa ameshabandika chai, na safari hii mikono yake ilikuwa imetulia. Shemeji alikuwa sahihi tangu Jumatano. Nimelimeza hilo na chai.

Yote yamekwisha, basi. Nimejifunza. Vya zamani viende zake, watu ndio wa kushikwa.

Nimerekodi kimya cha Jeupe pale mlangoni kwa mama, dakika tatu, kwa kumbukumbu tu. Nimekisikiliza mara nne. Ni kizuri, siwezi kukataa. Lakini cha Jekundu hatukukipima sawasawa, lori liliharibu. Nimempigia simu yule muuzaji, amesema kesho saa nne atakuwa amekula kabisa. Kazini nitasema ni jino.

Sinunui. Nalinganisha tu.