Tufe la Mwalimu Fanueli

Jumatatu, 5 Mei 2025

Klabu yangu ya Hisabati imebaki na viti. Watoto wamehamia darasa la jirani, kwa Mwalimu Doris wa Sanaa. Anawapangisha vizibo vya soda ukutani, chekundu, cha njano, chekundu, halafu eti wanajifunza sehemu na uwiano! Leo hata Lukia wa Darasa la Sita kaniaga. Kwa adabu, lakini kaniaga. Alisema hesabu zangu zinamuumiza kichwa, za Mwalimu Doris anaziona. Anaziona!

Mwalimu Mkuu, Mama Agatha, akaniita ofisini. Ijumaa anakuja mgeni kutoka wilayani, anataka kuona hisabati ikifundishwa kwa vitu vilivyotupwa. Asipokuta mtoto kwangu, klabu inakwenda kwa Doris. Klabu niliyoianzisha mwenyewe!

Nilitabasamu tu. Nina mpango.

Jumanne, 6 Mei

Mpango: tufe. Kubwa kuliko mpira wowote uliowahi kuonekana Makanya. Mifupa ya maboksi, nyama ya magazeti, ngozi ya jasi. Jasi hapa kwetu huitafuti, vumbi lake linakutafuta lenyewe kutoka machimboni, mpaka kwenye chai. Nimejifungia stoo ya shule, Doris asije akaiba wazo. Mlango nimeupima kabisa. Mimi sibahatishi.

Doris alibisha hodi, akauliza kama nahitaji msaada. Nilijibu kwa kukohoa.

Alhamisi, 8 Mei

Limekauka. Jeupe, gumu, zuri mno. Nililibusu. Nikafungua mlango nilitoe.

Halitoki.

Nikalizungusha. Tufe ukilizungusha linabaki tufe. Nikasukuma kwa bega, fremu ikalia. Lukia alikuwa akipita na ndoo ya maji. Akaniamkia shikamoo. Nikaitikia marahaba nikiwa nimebanwa kati ya tufe na ukuta. Akauliza nilipimaje. Nikamjibu kwa sauti ya darasani kwamba nilichukua upana wa mlango, nikaufanya nusu kipenyo.

Akalitazama tufe. Akautazama mlango.

"Mwalimu, si ungekuwa kipenyo chote?"

Nikamwambia awahishe maji. Kisha nikakaa juu ya gunia la jasi. Kosa hilohilo huwa nawapigia watoto mkasi kwa wino mwekundu. Kesho mgeni. Sikuwa na hamu hata ya chakula.

Ijumaa, 9 Mei

Doris alifika asubuhi na msumeno, na darasa zima nyuma yake. Hakucheka. Afadhali angecheka. Akashauri tulikate katikati. Nikapinga: nusu ya tufe nayo ina kipenyo kilekile! Lukia akachukua chungwa lake, akalikata, akakisimamisha kipande kwa ubavu.

"Nusu ukiipitisha hivi, mwalimu, unene wake ni nusu kipenyo tu."

Alikuwa sahihi. Kilichoniuma ni kwamba nilifurahi.

Tukakata. Nusu zikapita kwa ubavu, zikikwaruza fremu, jasi ikatumwagikia vichwani kama unga. Watoto wakapigilia vizibo kuzunguka ukingo, wakapaka rangi, wakavuta kamba kutoka katikati hadi pembeni. Mgeni alipoingia alikuta uwanja mzima unabishana kuhusu kipenyo. Lukia akamweleza yote, mkono juu ya tufe, bila kutazama daftari. Huyu ndiye aliyekuwa akiumwa kichwa!

Mgeni akauliza wazo la kukata lilikuwa la nani. Doris akanitazama. Nikasema niliyapanga hayo tangu Jumatatu.

Sasa ndipo Doris alipocheka. Alicheka mpaka akaketi chini. Mama Agatha akaamua klabu tuiendeshe pamoja.

Jumatatu, 12 Mei

Habari njema. Tumealikwa shule moja huko Chome, tukawaonyeshe walimu wenzetu. Doris anataka tubebe gunia la vizibo na kamba. Vizibo! Mimi nimeshaanza kuunda koni ya maboksi na jasi, ndefu kuliko pikapu itakayoibeba. Itasimama nje, uwanjani, ionekane toka ng'ambo ya bonde. Watoto wamefurahi. Doris hakufurahi. Anasema kule juu karibu na msitu wa Shengena ni ukungu asubuhi na mvua mchana, koni yangu itageuka uji kabla wenyeji hawajatukaribisha.

Nimemjibu kwamba mvua ni mada ya Jiografia.