Darasa la Safaa Nyuma ya Gunia la Sukari

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Nimedhulumiwa. Makanga wa basi la Mombasa kaja hadi mlangoni pa duka langu na salamu za mkwe wangu, Bi Rayhana. Anakuja Jumamosi. Si kututembelea, la. Anakuja kumchukua Safaa akamlee kwake. Eti mjukuu wa kwanza ni wa bibi, ndivyo walivyofanya wao tangu jadi. Eti hapa Voi mtoto anakulia kwenye vumbi la duka bila kujua lolote.

Bila kujua lolote! Hajatimiza hata miaka mitatu, ajue nini, katiba?

Ila kuna jambo. Kwenye harusi ya shemeji yangu nilimwambia Bi Rayhana, mbele za watu, kwamba Safaa anahesabu hadi ishirini. Akanijibu kwamba siku atakapomsikia kwa masikio yake, atamwacha kwetu. Leo nimemjaribu Safaa. Amesema, "Moja, mbili, Calvince."

Calvince ni mtoto wa jirani yangu Muhonja, ambaye mumewe anafanya kazi reli. Ana miaka mitatu na anahesabu hadi kumi huku anakimbia. Kamasi hajui kupenga. Yaani mtoto asiyejua kupenga kamasi ndiye wa kuniumbua mimi!

Nimemtazama Safaa akilala na kiatu kimoja mguuni. Nyumba hii bila yeye siiwezi. Sikubali.

Jumanne, 6 Agosti

Nimefungua shule. Iko nyuma ya gunia la sukari. Chati nimechora mwenyewe kwa makaa kwenye boksi la sabuni, moja mpaka ishirini. Kengele nimeazima, ya mbuzi. Dawati ni debe.

Asubuhi nikapiga kengele. Safaa akafurahi sana. Akaichukua akaipiga mpaka adhuhuri. Chati hakuitupia jicho. Nilipomkalisha kwa nguvu, alilia hadi wapita njia wakaingia kuuliza kuna nini.

Mke wangu Mwanarusi akaniambia mtoto mdogo hufunzwa kwa mchezo. Umwache apange vikombe. Mhesabu vitunguu pamoja jikoni. Umwimbie. Nikamwuliza, mimi niliimbiwa? Mimi nilichapwa, na nikajua. Akaniuliza saba mara nane ni ngapi. Kwa bahati nzuri akaingia mteja.

Bahati yenyewe ilikuwa Wanza. Mama huyu hashuki kutoka Sagalla ila kuja kunikosesha raha. Amesema, watu wakisikia, kwamba kilo yangu ya sukari hupungua njiani kabla hajafika kwake. Kwamba kidole changu hakibanduki kwenye sahani ya mizani. Kidole changu hupumzika tu pale! Mtu akisimama kutwa, kila kiungo hutafuta pa kupumzikia. Nikamjibu kama ninavyowajibu wote: "Imezidi hiyo, mama, nimekuongeza."

Safaa alikuwa kwenye debe lake, kanikodolea macho. Angeikodolea chati hivyo, tungekuwa mbali.

Jumatano, 7 Agosti

Mbinu mpya: kashata. Kila nambari kwa kashata yake. Nani atakataa?

Safaa akasema, "Moja." Nikampa. Akala. Nikangoja mbili. Akasema, "Moja." Nikampa nyingine, kumtia moyo. Akasema moja tena, na tena, mpaka sinia likabaki makombo. Nilipomwambia sasa mbili, alinitazama kwa huruma. Afuate nini huko kwenye mbili, na moja inalipa?

Jioni ametapika juu ya chati. Mwanarusi hasemi nami. Lawama zote kwangu! Kashata kapika nani?

Alhamisi, 8 Agosti

Safaa katoroka darasani tena. Nikajua yuko kwa Muhonja. Nikapanda kreti ya soda nikachungulia juu ya ukuta.

Niliyoyaona! Safaa na Calvince wameketi chini, wamezungukwa na vifuniko vya soda. Wana mizani: vifuniko viwili vya mikebe vimening'inizwa kwenye kijiti. Wanacheza duka. Muhonja anafua, na kila akianika nguo anapita kwao kununua sukari, ambayo ni mchanga. Anawauliza leo ni vifuniko vingapi, wanampangia, wanacheka wote watatu. Wanacheka! Na mtihani ni keshokutwa!

Kreti ikavunjika. Nikaingia kwa mlango, nachechemea, nikamwambia Muhonja ananiharibia mwanafunzi. Hakuacha hata kufua. "Baba Safaa," akasema, "si hapa ndipo anasoma?"

Kusoma mchanga! Nimewanyang'anya vifuniko vyote, na mizani yao pia. Safaa hakulia. Alinipa mgongo tu, akakaa hivyo mpaka akapitiwa na usingizi. Hilo limeniuma kuliko goti.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimetoka msikitini na wazo. Pazia!

Calvince atakaa nyuma ya pazia la stoo ahesabu. Safaa atakaa mbele yake anatafuna chingamu, mdomo uende. Bi Rayhana macho yake si mazuri siku hizi. Calvince anafika kumi tu, lakini nimemwambia ahesabu mara mbili. Mkwe atajumlisha mwenyewe.

Mtoto huyo hakutaka pesa wala kashata. Alitaka vifuniko vyake na mizani. Miaka mitatu, na tayari anajua kumkaba mtu koo! Nimerudisha vyote. Mwanarusi ameona mazoezi yetu, akatikisa kichwa, akaenda jikoni. Hana imani na mimi mke huyu.

Jumamosi, 10 Agosti

Sitaki kuandika. Naandika.

Bi Rayhana kafika na begi tupu, la kutilia nguo za Safaa. Nikamkalisha kitini dukani, mbele ya pazia. Wanza naye akaingia na kikapu chake, hakualikwa na mtu. Nikapiga kengele.

Sauti ikaanza: moja, mbili, tatu. Mdomo wa Safaa unakwenda. Mashallah! Machozi yalinilengalenga, nikasahau kabisa kwamba si yeye. Ilipofika nane, sauti ikasema inataka kukojoa. Pazia likafunguka, Calvince akapita katikati yetu akienda zake.

Bi Rayhana hakunigombeza. Angenigombeza ningeshukuru. Alimwambia Mwanarusi alete nguo za mtoto. Nikaona vile viatu vidogo vinatiwa kwenye begi. "Mkwe wangu," nikasema, "nakuomba, usinichukulie mwanangu."

Hapo Safaa akatema chingamu. Akachukua nyuma ya pazia ile mizani ya kijiti na vifuniko alivyoacha Calvince, akavuta debe lake hadi kwenye kaunta, akapanda. Akamwuliza bibi yake anataka sukari ngapi. Bibi, kumridhisha tu, akasema kumi. Safaa akatia vifuniko sahanini kimoja kimoja, akivihesabu. Moja, mbili, tatu, hadi kumi, hakuruka hata kimoja.

Kisha akaweka kidole kwenye sahani. Akakibonyeza. Akamtazama bibi yake usoni, akasema, "Imezidi hiyo, mama, nimekuongeza."

Wanza alicheka mpaka akashikilia gunia. Bi Rayhana alicheka mpaka mtandio ukamwanguka. Halafu akaacha kucheka, akanigeukia mimi.

"Mtoto kafunzwa," akasema. "Rudisheni nguo zake. Na mimi waniletee zangu kwa basi. Nakaa hapa mpaka mwalimu wake naye asome."

Jumapili, 11 Agosti

Nimeshinda! Safaa haendi popote. Asubuhi kanishika shavu akaniita mteja. Ni chati ile iliyofanya kazi, na kengele. Muhonja anasema ni vifuniko. Watu wengine hawana haya.

Lakini dukani hapakaliki. Mkwe kaweka kiti chake kando ya mizani. Yeye na Safaa wanapanga vitunguu na kuhesabu kwa kuimba, wamefika kumi na nne. Mteja akiingia, wimbo unakatika, wote wawili wananitazama kidole. Kwenye duka langu! Wanza kaja mara mbili leo, na wala hakuwa na la kununua.

Hata hivyo mtu mzima huchukua funzo. Nimekaa nikafikiri sana, nikaelewa: mtoto hujifunza kile anachokiona. Mwanarusi alifurahi nilipomwambia hivyo. Kaniletea chai.

Basi lile pazia nimelitoa stoo, nikalitundika mbele ya mizani. Sijui kwa nini sikulifikiria mapema.