Kengele za Korongo la Mto Nu

Jumatano, 16 Aprili 2025. Guangzhou.

Mama Herieth wa Shinyanga anatafuta wakala wa kudumu hapa, wa kumzungusha viwandani na kusimamia kontena zake. Tumebaki wawili: mimi, mwenye shahada ya historia, na Albertine wa Bukavu, mwenye kucheka na kila mtu. Nikikosa, narudi Tabora kwa shangazi. Leo Xintang, kwenye viwanda vya jinzi, Albertine kambebea Mama mkoba. Mkoba! Kama vile Mama hana mikono! Lakini Mama kasema jinzi zimemchosha, Pasaka hii anataka kuona kitu alichokiumba Mungu. Papo hapo nikasema: korongo la Mto Nu, Yunnan. Kakubali. Albertine kasema naye anakuja. Nani kamwalika?

Alhamisi, 17 Aprili.

Nimesoma mpaka macho yanauma. Mto unatoka kwenye theluji ya Tibet, unapasua milima, unaishia Bahari ya Hindi. Bahari yetu! Zamani watu walivuka wakining'inia kwenye kamba, na farasi wao wa mizigo vilevile. Wanasimulia kwamba msafara mmoja kamba iliukatikia. Hadi leo, kwenye ukungu, kengele za farasi wale hulia, na wafu huimba kutoka ng'ambo. Nikamsimulia Mama, Albertine akisikia. "Miye? Fasi ya mapepo? Jamais, ma chère!" Kamwe, eti! Ila tiketi hakurudisha.

Mpango: kengele zilie, Albertine atimue mbio, mimi nisimame imara kando ya Mama. Nimekwenda sokoni kununua kengele tatu. Laoban, bosi wa duka, kasema meiyou, hamna, hauzi chini ya katoni. Nimenunua katoni.

Jumamosi, 19 Aprili. Mto Nu.

Ndege, kisha gari kutwa nzima. Katoni nimeipakata, nikasema ni vitabu. Ikalia kila kona. Mama kauliza kama ni vitabu vya nyimbo.

Halafu mto! Kijani ambacho sina jina lake. Kuta zimepanda mpaka mawinguni, na huko juu mashamba, yamesimama wima. Nani huyalima bila kuanguka? Nilisahau hila zangu zote. Jioni nikazikumbuka, nikafunga kengele vichakani kando ya njia ya zamani ya misafara.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka.

Ukungu mzito asubuhi. Upepo. Kengele zikalia, uzuri wa ajabu! Albertine akapiga ishara ya msalaba. Nikatanua mabega. Mama akaingia kichakani, akachomoa moja, akaigonga kwa ukucha, akaigeuza chini kutafuta stika. Akasema mbuzi wa kaka yake kule Maswa wanahitaji hizi hasa. Akanigeukia: "Melania, kiwanda chake kiko wapi?"

Ningesema nini? Kengele za wafu hazina kiwanda! Nikanyamaza. Albertine akaisoma ile stika: "Ah, Mama, huyu laoban namujua!"

Ndipo sauti zikatoka ng'ambo. Nyingi. Zinaimba. Hizo sikuzinunua mimi! Nikamkumbatia Mama kwa nguvu zote. "Tulia, mwanangu," akasema, "hata kwa wafu leo ni Pasaka."

Ukungu ukafunguka. Walisu, wenyeji wa korongo, wamevaa mavazi ya shanga, wanakwenda kanisani, wanaimba sauti nne bila kinanda, na mlima unawaitikia. Wimbo wenyewe tuliuimba kipaimara Tabora! Mama akaingia na sauti ya pili, Albertine ya kwanza. Mimi nilishindwa kuimba. Nililia. Sijawahi kusimama mahali pazuri vile.

Jumatano, 23 Aprili. Guangzhou.

Mama kamchagua Albertine. Akanishika mkono, akasema hajawahi kupelekwa mahali kama pale, hatanisahau. Lakini wakala akiulizwa kiwanda, hanyamazi. Shangazi keshatandika kitanda.

Nimetafakari kwa dhati. Kosa nimelipata: sikubandua stika.

Bado kuna tumaini. Jumamosi anafika Shedrack wa Kahama, naye anatafuta wakala, na anapenda milima. Nimerudi kwa laoban. Safari hii nimechukua katoni mbili.