Lori la Viazi na Uwanja wa Halfan

Jumatatu, 4 Machi 2002. Makambako.
Halfan amefungua ukumbi wa gemu. Televisheni mbili kubwa, mashine za gemu kutoka Dar, gemu ya mpira wa Ulaya, wachezaji kwenye kioo wanatoka jasho kabisa. Nimeona mwenyewe; nilikwenda kumpongeza. Anasema gemu ile imetengenezwa na watu mia mbili kwa miaka mitatu. Akauliza ya kwangu tuko wangapi. Nikasema timu ni ndogo. Timu ni mimi na kitabu cha programu kisicho na jalada.

Gemu yangu: lori la viazi, Kitulo hadi Makambako, msimu wa mvua. Lori ni kiboksi. Viazi ni nukta.

Kibanda nimepanga mimi, kompyuta ni ya dada Telesia. Amesema akija Jumamosi asipokuta watu wamekaa wanacheza, inarudi Njombe kuchapa barua. Na mimi narudi shambani.

Jumanne, 5 Machi.
Nimewaita madereva wa malori. Gemu ya lori, watu wa malori. Nani angekosea hapo? Nasiri akaendesha, akakwama kwenye tope la pili. Akauliza afanyeje. Nikamweleza hapo ni kusubiri mvua ikatike. Akanitazama. Akasema ametoka Makete leo, kalala njiani siku mbili, halafu mimi nataka anilipe akwame tena. Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Wakahamia kwa Halfan.

Akabaki mmoja. Mzee Elieza, aliyeendesha lori la viazi miaka ishirini na sita, mpaka tajiri wake alipomshusha mwaka juzi kwa ajili ya macho. Yeye hakucheka. Alisogeza kiti, pua ikakaribia kugusa kioo. Akasema kona hiyo anaijua.

Jumatano, 6 Machi.
Mzee Elieza kafika kabla sijafungua. Kawasha lori, katulia. Nikamwambia gemu imeshaanza. Akasema injini ya baridi haikimbizwi. Dakika kumi, mikono magotini. Magunia arobaini akayakataa, akapakia ishirini na tano. Eti daraja halitaki ubishi. Humo sikuandika daraja lolote.

Alasiri akaleta wenzake watatu, wastaafu wa usukani kama yeye.

Alhamisi, 7 Machi.
Wazee wanne kwenye benchi tangu asubuhi. Mmoja alimwambia Mzee Elieza kwamba ameua klachi nyingi kuliko kutu, wakanuniana mpaka chai. Wanaomba niongeze kitu kimoja tu: honi. Kingine hawataki.

Halfan akachungulia. Akaniita injinia. Akauliza kama hapa ndipo inapotolewa pensheni. Kwake foleni imefika kwa wauza mitumba.

Basi. Hao watu mia mbili wana nini nisichokuwa nacho? Kesho nafunga kwa matengenezo. Naongeza uwanja wa mpira, ndege, watazamaji elfu moja, na Ziwa Nyasa pale Lupingu, ingawa lori halipiti huko.

Ijumaa, 8 Machi.
Nimefunga. Mzee Elieza kakaa nje tangu saa mbili. Kauliza mara tatu kama honi tayari. Nikamwambia avumilie, anatengenezewa kitu kikubwa.

Uwanja upo. Watazamaji ni nukta, zilezile za viazi. Disketi ilijaa, na ninayo moja tu. Nimefuta barabara ya Kitulo ili wapate pa kukaa.

Jumamosi, 9 Machi.
Telesia kashuka basi la kwanza. Akakuta wazee wanne wamekaa. Akawaamkia, uso umemkunjuka, nilimwona. Nikawasha. Watazamaji wakaanza kujichora, mmoja mmoja. Telesia akaagiza chai. Walipofika mia tatu na kitu kompyuta ikaganda. Nikawasha tena. Wakaanza upya, wa kwanza, wa pili.

Mzee Elieza akauliza taratibu barabara iko wapi. Nikasema inakuja, baada ya mechi. Akasema siyo hiyo, ile ya juzi, yenye kona. Nikamwambia nimeifuta.

Akavaa kofia. Akanipa mkono kama mtu anayeaga msibani. Akatoka akipapasa ukuta, wenzake nyuma yake.

Telesia hakugomba. Alichomoa nyaya, akazikunja vizuri. Akasema tu, Benno, walikuwa wameshakaa.

Jumapili, 10 Machi. Njombe.
Baridi. Jembe liko mlangoni, nimeonyeshwa. Kibodi nimekatazwa hata kuipangusa vumbi.

Nimelitafakari kosa langu kwa uaminifu wote. Kosa ni udogo. Uwanja mmoja hauwezi kumtisha Halfan. Nimepata daftari kubwa. Gemu mpya ni nchi nzima: mikoa yote, viwanja ishirini, meli, treni, watazamaji laki moja. Watazamaji nimeshachora kurasa nne.

Honi nitaweka mwishoni, nafasi ikibaki.