Hatua Elfu Thelathini na Moja

Jumatatu, 3 Novemba

Leo tumefungwa vidude. Kila mwanafunzi wa kidato cha pili kapewa kimoja, kina mkanda mweusi, kinavaliwa kwenye kifundo cha mguu, na kazi yake ni kuhesabu hatua. Vimeletwa na mama mmoja mtafiti kutoka chuoni, mwenye miwani na daftari nene. Hajamaliza kujitambulisha, darasa lilikuwa limeshambatiza Mama Takwimu. Alieleza kwamba anataka kujua kama vijana wanaoushughulisha mwili hufanya vizuri zaidi masomoni. Atatupima wiki mbili, kisha atalinganisha hatua zetu na alama za mtihani wa hesabu wa Ijumaa ya tarehe 14.

Ningeulizwa mimi, ningemwambia asijisumbue. Akili iko kichwani, haiko kwenye nyayo.

Kasheshe ni Filimbi, mwalimu wetu wa michezo. Kalipokea jambo hili kwa mikono miwili. Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi atasimama langoni na kusoma namba ya jana kwenye kidude cha kila mtu. Waliofika hatua elfu sita wataingia darasani kujisomea. Waliopungukiwa watapelekwa uwanjani, mizunguko minane, vidude vimevuliwa ili adhabu isihesabiwe.

Na mimi asubuhi nasoma hesabu. Hesabu zangu si za kuchezea: muhula uliopita nilipata thelathini na nane. Baba kashaandikiwa barua kwamba nisipofika hamsini safari hii, narudia darasa.

Kurudia ningevumilia. Lakini mdogo wangu anaingia kidato cha pili mwakani! Tutakaa darasa moja, yeye na mimi, na wote wa shule hii wanajua nani alizaliwa kwanza. Leo wakati wa chakula kaniuliza kwa upole kama napenda kukaa dirishani au ukutani, ili aniwekee nafasi.

Hatua za leo: 2,114. Humo mna safari mbili za chooni.

Jumanne, 4 Novemba

Nimekimbizwa. Mizunguko minane, kwenye umande. Nikaingia darasani nimetota jasho, na ukurasa sijafungua hata mmoja.

Nikapata mbinu. Nilikivua kidude nikawa nakitikisa chini ya dawati kwa mkono wa kushoto huku wa kulia unaandika. Dawati likaanza kugonga sakafu, ikabidi nikitikisie juu. Mwalimu wa hesabu kaona mkono unapunga, akasema amefurahi sana kuona hatimaye nimepata moyo, akaniita ubaoni.

Nilisimama mbele ya mlinganyo kwa dakika tatu. Nilifuta ubao pembeni, pale pasipokuwa na maandishi. Mwisho Kamusi alitumwa kuja kunisaidia, akaumaliza kwa mistari minne. Kamusi ndiye jirani yangu wa dawati. Anajua kila kitu, na juu ya hayo anakimbia kila asubuhi kwa hiari yake, bila kulazimishwa na mtu. Kaniambia jibu lilikuwa jepesi. Sikumuuliza.

Hatua: 3,020. Bega la kushoto linauma.

Jumatano, 5 Novemba

Nimekimbizwa tena. Ila jioni Mungu kanikumbuka.

Mama alinituma kwa shangazi na gauni la kupunguza upindo. Shangazi ni fundi cherehani. Duka lake liko nje ya soko, juu ya kilima, katikati ya bucha na fundi viatu. Nilikaa kwenye kigoda nikisubiri gauni, macho yakanishuka hadi miguuni pake. Miguu ile inakanyaga pedali tangu asubuhi mpaka jioni. Yeye mwenyewe kakaa, anapiga soga na wateja, na chini kule safari haikatiki. Mwenye macho haambiwi tazama.

Nikamweleza kwamba kuna wataalamu wanachunguza afya za watu. Jambo hilo ni kweli kabisa. Nikamwomba avae kidude changu kidogo. Akauliza kama kinaleta ganzi. Nikasema hakileti. Akasema basi nifunge, ila nisimkazie, ana miguu ya kuvimba.

Kwa dakika ishirini tu: hatua 1,900. Nimerudi nyumbani nikiimba.

Alhamisi, 6 Novemba

Nilikimbizwa kwa mara ya mwisho maishani, nadhani. Kisha mpango ukaanza.

Namba husomwa langoni asubuhi tu. Baada ya hapo soksi inafunika, hakuna wa kuuliza. Kwa hiyo nje ya lango nakitia mfukoni, na mfukoni hakihesabu. Mapumziko ya saa nne ni dakika thelathini. Nikatoka langoni, nikakatiza soko, nikapanda kilima, nikamfunga shangazi kidude, nikageuka. Kengele ilinikuta kwenye ngazi za darasa. Saa tisa tulipotoka nikarudi kukichukua, maana shangazi akifunga duka huondoka na chochote alichovaa. Halafu nyumbani, ambako ni upande mwingine kabisa wa mji.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hao hawajawahi kwenda kwa shangazi.

Muda wa kusoma ulinibana, hivyo njiani nilikuwa nakariri kanuni za hesabu kwa sauti. Mwenye bucha aliniangalia mara mbili, mara ya tatu akanipisha.

Hatua: 12,640. Na mimi mwenyewe sikujishughulisha hata kidogo!

Ijumaa, 7 Novemba

Filimbi kasoma namba yangu, kanipa mkono. Nikawapita wenzangu waliokuwa wanaelekea uwanjani, nikawapungia. Nikakaa darasani na kitabu, kichwa chepesi, nikaelewa kurasa tatu. Hicho ndicho mazoezi yalikuwa yananinyima.

Usiku sikusoma. Saa mbili usingizi ulishanichukua, nikalala fofofo na kitabu kifuani. Kufikiri kunachosha sana. Mama analalamika kwamba siku hizi nimekuwa kiguu na njia, na kwamba namaliza ugali wa watu wawili. Nilimjibu kwamba ni mtihani.

Jumanne, 11 Novemba

Maafa ya aina mpya. Jana shangazi kapata kazi ya mapazia ya ukumbi mzima. Pazia halina mkono wala kola; ni mshono mmoja ulionyooka, mguu haunyanyuki kwenye pedali. Jioni nilimfungua kidude bila kutazama namba, maana nilikuwa nawahi.

Leo langoni Filimbi kasoma namba, kainama, kasoma tena. Kisha kaitangaza kwa mstari mzima: elfu thelathini na moja, mia nne na mbili. Watu wakapiga makofi. Mama Takwimu akaandika na kupigia mstari.

Kamusi hakupiga makofi. Alichukua kikaratasi akapiga hesabu, akaniambia hizo ni zaidi ya kilomita ishirini, na anataka kujua nilikwenda wapi jana na nikarudi lini. Nilimjibu kwamba mimi husoma nikitembea chumbani. Akasema chumba hicho lazima kina kona nyingi. Akaniangalia viatu.

Mapumziko akanifuata. Nilisikia nyayo zake kuanzia kwenye mabanda ya nyanya. Nikasema mguu niponye. Nikakata kulia kwa wauza ndoo, nikatokea kwenye kilima, nikapanda bila kugeuka. Nilipofika penye bucha nikachungulia: Kamusi yuko katikati ya mwinuko, kakaa juu ya kreti ya soda, kashika ubavu. Na huyo ndiye mkimbiaji wetu! Nadhani anaumwa. Nimemhurumia kidogo, lakini sikusimama.

Nilimwomba shangazi akanyage polepole. Akaniuliza kama nimekuja kumfundisha kazi aliyoianza kabla sijazaliwa. Nikaomba radhi.

Jumatano, 12 Novemba

Mkanda wa cherehani umekatika! Niligundua saa tisa, nilipofika na kumkuta shangazi kanyoosha miguu kwenye kigoda, anafunua jarida. Kidude kipo mguuni, kimelala. Kakaa hivyo tangu saa nne na robo, akinisubiri mimi nije nimnunulie mkanda mwingine.

Nikaenda duka la vipuri la sokoni, wameishiwa. Nikaenda la karibu na kituo cha mafuta, wana mipana tu. Wakanielekeza daraja la chini, huko nikaambiwa mwenye duka kaenda kula, nimkute nyuma ya karakana. Nilimpata. Nikarudi na mkanda jioni, shangazi anafunga mlango. Nimetembea mchana kutwa mji mzima, na kidude kiko mguuni kwa mtu aliyekaa.

Hatua: 212. Sijawahi kuona dhuluma kama hii.

Alhamisi, 13 Novemba

Mama Takwimu kaniita pembeni langoni, kanishika bega, kaniuliza kama naumwa. Hajawahi kuona mtu ameshuka kutoka elfu thelathini na moja hadi mia mbili na kumi na mbili ndani ya siku mbili. Ana sauti nzuri ya upole yule mama, nikaona aibu. Nikasema ni tumbo. Akaniandikia tumbo.

Filimbi hakujali tumbo. Sheria ni sheria, uwanjani. Na kesho ni mtihani! Nikajisemea, dawa ni kumaliza upesi nirudi kwenye kitabu. Basi nikaondoka kwa hasira. Mzunguko wa tatu nilikuwa nimewapita wote walioadhibiwa. Wa sita nikampita Kamusi, ambaye bado anaonekana mgonjwa. Nilipomaliza Filimbi alitazama saa yake, akaitikisa, akaiweka sikioni. Akaniuliza nakimbilia wapi siku zote hizi. Nikamwambia sipendi kukimbia, mwalimu, na huo ndio ukweli pekee niliomwambia tangu wiki iliyopita.

Nimebakiwa na dakika ishirini za kusoma. Nikaona kanuni zote ninazijua. Ajabu.

Ijumaa, 14 Novemba

Mtihani. Akilini nilikuwa namwona mdogo wangu kwenye dawati la mbele, ananigeukia na kuniazima rula.

Swali la nne lilikuwa lile la mlinganyo. Nikagonga mguu chini ya dawati, taratibu, kama ninavyopanda kile kilima, na kanuni ikaja yenyewe, mstari baada ya mstari. Na la saba hivyo hivyo. Nimemaliza yote, nimebaki na muda wa kupitia upya.

Mtihani ulikuwa mwepesi. Mwalimu wa hesabu anazeeka.

Jumanne, 18 Novemba

Sitini na saba!

Nimeisoma mara nne kwenye ubao wa matangazo. Nilifurahi hadi machozi yakanitoka, nikajifanya nimeingiwa na vumbi. Baba kanunua soda. Mdogo wangu kanipongeza kwa huzuni ya kweli. Alikuwa kashawaambia rafiki zake kwamba ataniongoza.

Mama Takwimu kachora mchoro ubaoni, hatua upande huu, alama upande ule, na kila mwanafunzi ni nukta. Nukta yangu iko kulia kabisa, peke yake. Kasema mimi ni mfano hai, kwamba mwaka mzima sikuwahi kufaulu, nikaanza kujishughulisha, na wiki mbili tu matokeo ni haya. Darasa likapiga makofi. Kamusi, aliyepata themanini na nne, aliniangalia viatu tena, kisha naye akapiga. Filimbi kaniandika kwenye timu ya mbio ndefu bila kuniuliza.

Moyo ulinisuta. Nilitaka kusimama nimwambie yule mama ukweli, kwamba utafiti wake umeharibika, kwamba hatua zile ni za fundi cherehani mwenye miguu ya kuvimba. Lakini alikuwa na furaha, nami sikutaka kumvunja moyo. Ukweli naujua mimi. Wenzangu walichoka uwanjani, mimi nilitulia, damu ikapata nafasi ya kupanda kichwani. Ushahidi ni Kamusi: anakimbia kila siku, na kilima kimoja tu kilimshinda.

Utafiti umeongezwa hadi tufunge shule. Kuna tatizo moja dogo: shangazi kahamisha duka, yuko ng'ambo ya daraja sasa, umbali mara mbili. Leo nimejaribu njia. Nikitokea nyuma ya jiko la shule na kukimbia bila kupumzika, ni dakika kumi na nne kwenda, kumi na nne kurudi. Ni usumbufu mkubwa, lakini bora huo kuliko kufanya mazoezi.